Kucha za Shemeji

SAA MBILI ASUBUHI. Chumba cha nyuma cha karakana, komeo limefungwa.

Injini ya pikipiki ilikuwa mezani, tumbo wazi. Spana alitia kidole kwenye tundu tupu ubavuni mwake.

"Gia ya sumaku inakaa hapa," alisema. "Leo inarudi."

Bila gia hiyo, hakuna cheche. Pikipiki ya marehemu baba yake ilikuwa imekamilika, ila hicho kidude tu. Tangi walilikuta bandani, kuku wakilinywea maji. Madigadi waliyagonga kutoka kwenye pipa. Lakini gia! Walijaribu ya pikipiki nyingine, meno yakakataa. Wakakereza moja kwa kukisia, ikameguka kiki ya kwanza. Nzima ilikuwa moja tu mjini, kwenye pikipiki ya aina hiyohiyo iliyosimama juu ya zulia ukumbini kwa Tajiri, haijawahi kunguruma tangu ainunue. Spana alikwenda kumwomba ruhusa ya kuipima gia tu. Akaambiwa vitu vya ukumbini si vya mikono ya grisi. Haya bwana. Mikono ya grisi inakuja.

Kungoja hawakuweza. Sikio la kulia la mama yake Spana lilishakufa, la kushoto lilikuwa njiani. Zamani mama aliisikia pikipiki ile ikiwa bado konani, akainjika maji ya kuoga ya mumewe. Sasa alitaka aisikie mara moja tu kabla dunia haijanyamaza.

Genge zima lilikuwa watu watatu. Spana, fundi pikipiki. Bubu, mkereza vyuma, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui kufunga. Na Shemeji, mume wa dada yake Spana, mchomeleaji, aliyetafuta sare za wasafishaji na kuahidi kumzubaisha mlinzi kwa soga.

Shemeji alichora njia ya kutokea kwa kidole juu ya meza. Spana hakuitazama njia. Alikitazama kidole. Kisha akasema sawa, twendeni.

SAA NNE KASOROBO. Ukumbini.

Shemeji alibaki getini na mlinzi. Bubu alipiga deki huku akimlalamikia mkwewe, goti lake na viatu alivyouziwa vyote vya kushoto. Spana alipiga magoti nyuma ya pikipiki. Skrubu zilikuwa zimeganda kwa uzee. Alizibembeleza, zikaachia. Gia ikatoka, ndogo, meno yote kamili.

Hapo akafanya jambo ambalo halikuwemo kwenye mpango. Alichukua mche wa sabuni, laini kwa maji, kutoka kwenye ndoo ya Bubu. Akaikandamiza gia juu yake, upande huu, upande ule, mpaka kila jino likaacha alama. Sabuni akaifukia ndani ya ndoo, chini ya matambara.

"Tangulia na ndoo," alimnong'oneza Bubu. "Ukiulizwa, hunijui."

"Kwani vipi?"

"Umeziona kucha za Shemeji?"

Bubu alikumbuka. Zilikuwa nyeupe. Mchomeleaji anaoga, anaoa, anazikwa, kucha zake hazitakati. Labda azisugue kwa petroli na brashi, na hiyo kazi ataifanya tu akiitwa penye zulia.

"Katuuza," Bubu alisema. "Basi iache gia, tutoke na sabuni. Nitakereza nyingine kwa alama hizo."

"Wanamngoja mwizi wa gia. Wakimkosa watapekua mpaka ndoo. Wakimpata wataridhika."

Bubu aliinua ndoo. Akatangulia.

SAA NNE NA ROBO. Getini.

Ndoo ilipita, hakuna aliyeitupia jicho. Nyuma yake akaja Spana, na polisi wakachomoka kibandani. Tajiri mwenyewe alimtoa gia mfukoni, akasema alijua tu, mikono ya grisi haina dawa. Spana akacheka kwa sauti.

"Ishike vizuri, mzee. Usije ukaidondosha."

Kisha akamgeukia Shemeji, aliyekuwa ameangalia chini. Akamuuliza ameahidiwa nini.

"Kazi," Shemeji alisema. "Ya kudumu. Dada yako amechoka kunilisha."

Ilimuuma Spana kuliko pingu, maana alijua ni kweli.

JUMAPILI, ALASIRI. Mahabusu.

Shemeji alikuja na chakula kutoka kwa dada mtu. Alisimama nje ya nondo, akaomba msamaha. Halafu akautoa ujumbe aliotumwa: Tajiri atafuta kesi, mradi Spana aende ukumbini, apige magoti mbele ya ile pikipiki, aombe radhi.

Spana alinyanyua kidole. Nyamaza.

Ilitoka mbali, konani. Nzito, ya kukohoa kwanza, halafu ikashika. Spana alipanda juu ya benchi, akaning'inia kwenye dirisha. Bubu alikuwa ameshika usukani, mdomo umefungwa kwa nguvu zote. Nyuma yake alikaa mama, mkono mmoja kiunoni kwa Bubu, mwingine umekinga sikio la kushoto. Wakakizunguka kituo. Wakakizunguka tena. Askari walitoka nje kutazama.

Mama alipaza sauti, kama wapazavyo wasiosikia vizuri:

"Mwambieni mwanangu atoke! Maji nimeshainjika!"

Spana alishuka, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Radhi siombi," alisema. "Kamwambie hivyohivyo."

Shemeji alificha mikono yake nyuma.