Kura ya Kumbeba Teroy

Kila asubuhi Felisa alipika uji wa mchele, akachoma samaki mkavu mmoja, akampelekea mumewe kibarazani. Teroy alilala hapo penye upepo, kama muuguzi wa zahanati alivyoagiza. Alichelewa kuanza dawa. Kifua kikuu kilikuwa kimeshamla mapafu. Alibaki mifupa na utani.

"Leo Jumapili," alisema. "Waambie huko kanisani jeneza langu liwe refu. Miguu yangu haipendi kukunjwa."

"Kunywa uji wewe, acha maneno."

Pale kijijini Kanlumay kila nyumba ilikuwa katika chama cha kufa na kuzikana. Mwanachama akifa, wenzake huleta mchele na kuni. Huchimba kaburi. Wanaume kumi na wawili hulifunga jeneza kwenye mianzi na kulipandisha mlimani, maana gari halifiki makaburini. Asiye na chama hana wa kumbeba.

Baada ya sala, mwenyekiti, Bwana Crispulo, alisimama mlangoni mwa kanisa. Watu ishirini hivi walikuwa bado hawajaondoka.

"Ndugu zangu, nina kanuni mpya. Aliyekufa kwa kifua kikuu, chama kisimbebe. Familia yake itajua yenyewe. Tuna watoto majumbani. Asiyekubali ainue mkono."

Watu walitazama ndara zao.

Crispulo alikuwa baba wa ubatizo wa nusu ya watoto wa kijiji. Mtoto wa kwanza wa Felisa alikuwa mmoja wao, ndiyo maana wawili hao waliitana kumpare na kumare. Utamwinulia kumpare wako mkono mbele za watu? Mkono wa Felisa ulikaa mapajani, mzito kama mchi wa kinu. Haukuinuka.

"Basi imepita," alisema Crispulo.

Felisa alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Teroy alimwuliza habari za kanisani. Akamwambia padri alihubiri sana.

Mchana jirani yake, Mwalimu Nenita, alimkuta anafua, machozi yanadondokea kwenye povu. Nenita alikuwa amesimamia uchaguzi shuleni kwake miaka ishirini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe uliinua mkono?"

"Sikuinua, Mwalimu. Mume wangu mwenyewe! Nimemuuza kwa aibu."

"Hukuwa peke yako. Ngoja. Kitendawili!"

"Mwalimu, leo?"

"Leo hasa. Kitendawili!"

"Tega."

"Akitazamwa hudanganya, akijificha husema kweli."

"Mwizi."

"Mwizi hata akijificha ni mwongo. Ni kura, mama! Kwa jambo linalogawanya watu, kura ya mkono hupigwa na macho ya jirani. Na kunyamaza si kukubali. Katiba ya chama unayo?"

Ilikuwa chini ya godoro. Nenita aliifungua ukurasa wa tatu, akasoma kwa kidole. Kanuni ikibadilishwa, kila mwanachama apewe taarifa ya maandishi siku saba kabla. Wahudhurie zaidi ya nusu; hiyo ndiyo akidi. Na wanaokubali wafike theluthi mbili ya waliopiga kura.

"Chama kina watu sitini na wanne. Nusu ni thelathini na wawili, kwa hiyo lazima wafike thelathini na watatu. Kanisani mlikuwa ishirini. Kura ile ni batili."

Walikwenda kwa Crispulo pamoja. Alikuwa anawapa nguruwe chakula.

"Mwalimu, unanifundisha kazi yangu?"

"Nakusomea tu, Mwenyekiti. Kama kanuni yako ni nzuri, itapita tena."

Crispulo aliisoma katiba mara mbili. "Haya. Siku saba. Lakini kumare, usinichukie. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa huo huo, na baada yake dada yangu."

Felisa aliichukua katiba, akaikunja.

Siku ya nane walikuja shuleni watu hamsini na wanne. Kila aliyetaka kusema alipewa zamu, wa kukubali na wa kukataa. Muuguzi alieleza kuwa maiti hakohoi, na jeneza lililofungwa halimwambukizi mbebaji. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Basi libebe wewe!" Watu wakacheka. Felisa hakucheka.

Kisha mmoja mmoja walipita nyuma ya pazia. Kila mmoja alipewa karatasi moja, akaandika ndiyo au hapana, akaitumbukiza ndani ya kopo la biskuti lililofungwa kwa gundi, lenye tundu juu. Kopo lilifunguliwa mbele ya wote. Nenita alisoma kila karatasi kwa sauti, na wasimamizi wawili, mmoja wa kila upande, wakachora vijiti ubaoni.

Ndiyo, thelathini na moja. Hapana, ishirini na tatu.

"Wengi wameshinda!" mtu alisema.

"Theluthi mbili ya hamsini na nne ni thelathini na sita," alisema Nenita. "Haikufika."

Crispulo alivihesabu vijiti mwenyewe. "Haikufika," alisema. "Kanuni ya zamani inabaki. Na kuanzia leo kila kanuni itapigiwa kura hivi hivi."

Felisa alirudi nyumbani, na safari hii hakuficha kitu.

"Wangapi wamenikataa?" aliuliza Teroy.

"Thelathini na mmoja."

Teroy alicheka mpaka akakohoa damu. "Mimi nilidhani hamsini."

Alikufa siku tatu baada ya kura, alfajiri.

Kengele ya kanisa ilipolia, Felisa alikaa mlangoni akingoja, hajui atakuja nani. Crispulo alitangulia, kitambaa puani, mwanzi begani.

"Kumpare, unaogopa," alisema Felisa.

"Naogopa sana. Lakini tulipiga kura."

Wengine kumi na mmoja walimfuata. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura walikuwa wameandika ndiyo. Hata kati ya hawa bila shaka walikuwamo. Felisa aliwatazama wanavyoinamia mianzi, mabega kumi na mawili. Hakujua yupi na yupi, wala hakutaka kujua. Walihesabu hadi tatu, wakamwinua Teroy.