Gunia la Mchicha la Vestina

Kila asubuhi, kabla jua halijaondoa ukungu kwenye vilima vya Kasulu, Pelagia alimtoa binti yake Vestina kitandani na kumketisha kwenye mkeka kibarazani. Aliweka mto chini ya mguu wake wa kulia, akamsogezea kidumu cha maji, viazi vitamu vya kuchemsha na redio ndogo ya betri. Kisha alitia jembe begani, akarudishia lango na kwenda bondeni kuvuna maharage. Hakurudi mpaka alasiri.

Vestina alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mguu wake ulifungwa plasta nzito, ile ambayo watoto wa mtaani huiita hogo, kuanzia kwenye kifundo hadi juu ya goti. Muuguzi wa hospitali ya Kabanga alikuwa amesema itakaa wiki sita. Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka 2014. Wenzake walicheza rede barabarani, naye aliwasikia tu wakibishana. Ua wa matete ulikuwa mrefu, na kutoka pale alipoketi hakuona kitu isipokuwa uwanja mtupu, jiko la nje na kuku wawili waliozunguka wakitafuta chochote.

Lakini hakufungwa na plasta peke yake. Kulikuwa na neno alilolisema siku ile alipovunjika, na neno hilo ndilo lililomkosesha raha zaidi.

Siku ya pili ya likizo alikuwa na rafiki yake Safina, binti wa Khatibu mwenye duka la jirani. Safina alikuwa na baiskeli ya baba yake. Vestina aliiomba akakataliwa. "Haishiki breki," Safina alimwambia. "Baba amesema isiendeshwe mpaka itengenezwe." Safina alipoitwa ndani mara moja, Vestina aliipanda akateremka nayo mlimani. Haikusimama mpaka ilipomtupa mferejini. Watu walipomzunguka, alimwona mama yake akija mbio, na akakumbuka alivyokwisha kukatazwa mara nyingi kugusa baiskeli za watu. Mama yake alipouliza imekuwaje, Vestina alijibu, "Safina amenipandisha akanisukuma."

Pelagia, ingawa alikuwa mwanamke mpole, alikwenda siku hiyo hiyo kwa Mama Safina akamwambia maneno makali mbele ya wateja. Safina alikana, akalia, hakuna aliyemsikiliza. Alichapwa, na akakatazwa kukanyaga kwao Vestina.

Muuguzi alikuwa amesisitiza kwamba mgonjwa ale maharage, dagaa na mboga za majani kwa wingi. Maharage yalikuwepo. Mboga, katika kiangazi kile, zilikuwa adimu sokoni, na fungu lake lilikuwa limepanda bei. Jioni moja Pelagia alirudi na vichwa vikavu vya mchicha, ambao yeye, kwa lugha ya wazazi wake waliotoka Burundi, aliuita lengalenga.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema, "miguu yako imelala lakini mikono ni mizima. Pukusa mbegu hizi, upande hapa hapa kibarazani. Hatuna hela ya kununua mboga kila siku."

Vestina hakuwahi kupanda kitu chake mwenyewe. Alipukusa vichwa vile juu ya ungo, akapata mbegu nyeusi zinazong'aa, ndogo kuliko punje za ulezi. Mama yake alimjazia udongo kwenye beseni kuukuu la plastiki. Vestina alimwaga mbegu zote mahali pamoja, akaongeza mavi mabichi ya kuku aliyoyazoa kando ya mkeka, kisha akamwagilia. Kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, alimwagilia tena mchana, na tena alasiri. Siku ya nne miche ilichomoza, myembamba kama nyuzi. Siku ya saba yote ilikuwa imelala, na udongo ulinuka.

Alikuwa akiitazama miche ile, machozi yakimlengalenga, aliposikia matete yakichakacha. Safina alipenya kwenye upenyo wa ua na kusimama mbali kidogo.

"Nimepita tu kukuona," alisema. Akalitazama beseni, akainama, akalipapasa chini. "Halina tundu hata moja. Maji yatatokea wapi?"

"Sikujua."

"Na hii mbolea ni mbichi, inaunguza. Bibi yangu wa kule Kumsenga hupanda kwenye magunia. Anatumia mbolea ya zamani, iliyokwisha kukauka." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Vestina, mbona ulisema nimekusukuma?"

Vestina aliangalia vidole vyake. "Nilimwogopa mama."

"Basi mwambie sasa."

"Nitamwambia. Ngoja kwanza mchicha uote."

Safina aligeuka akaurudia upenyo wa ua. Aliondoka, na Vestina alidhani hatarudi tena. Lakini kesho yake alirudi na gunia la mahindi lililochanika mdomo, na ndoo ya mbolea kavu kutoka nyuma ya zizi la mbuzi wao. Walifanya kazi pamoja, Safina akichota udongo uwanjani na Vestina akiuchanganya na mbolea kwa mikono. Katikati ya gunia walipanga kokoto tangu chini hadi juu ili maji yashuke vizuri. Beseni nalo walilitoboa kwa msumari wa moto. Safari hii Vestina alichanganya mbegu na mchanga kabla ya kuzitawanya, akafunika kwa nyasi kavu, na akamwagilia mara moja tu asubuhi, kwa maji yaliyooshewa mboga na mchele.

"Mama yako akiuliza gunia limetoka wapi?" Safina aliuliza.

"Nitamwambia amenipa fundi mwashi, jirani yetu."

Mchicha uliota, na Vestina hakusema. Ulifikisha majani manne, hakusema. Kila alasiri mama yake aliporudi na kulisifia gunia, maneno yalimfika kooni yakarudi. Aliona kwamba kila siku inayopita kosa lake linazidi kuwa kubwa: mwanzo lilikuwa uongo mmoja, sasa lilikuwa fimbo alizochapwa mwenzake, ugomvi wa mama wawili, na gunia la watu analosema ni la fundi. Safina alikuwa haulizi tena. Kunyamaza kwake kulimuuma Vestina kuliko kama angegomba.

Siku ya Ijumaa, mwisho wa likizo, Safina alikuwa amechuchumaa kando ya gunia akimwonyesha Vestina jinsi ya kung'oa miche iliyosongamana ili mingine ipate nafasi. "Hii ya kupunguza haitupwi," alikuwa akisema. "Inapikwa." Hapo lango likafunguka. Mama Safina, Bi Mwajabu, aliingia na jagi la maziwa, akasimama.

"Safina. Nilikwambiaje?"

Safina aliinuka, mikono imejaa udongo.

"Unamfuata kwao ili umvunje na mguu wa pili?"

"Mama, tunapunguza mchicha tu."

"Sitaki maneno. Baba yako amekwisha kuamua. Kesho unapanda basi la Kibondo, unakwenda Kumsenga kwa bibi yako. Utasoma huko huko mpaka ujifunze kukaa na watoto wa wenzio." Kisha akalitua jagi karibu na mkeka, na sauti yake ikalainika. "Pole, mwanangu. Kunywa, mifupa ishike."

Safina alimtazama Vestina. Hakumwomba kitu, alimtazama tu, akingoja. Vestina alifumbua mdomo. Akausikia mdomo wake ukisema, "Ahsante, Mama Safina." Mama na binti walitoka. Lango lilifungwa, naye akabaki na maziwa ambayo hakuweza kuyagusa.

Pelagia aliporudi, alifurahi kukuta miche ya mchicha imejaa ungo. Aliipika kwa karanga, akasonga ugali wa muhogo. "Leo tunakula jasho lako," alisema akimkaribisha. Vestina alikata tonge, akalichovya, akalishika. Halikwenda mdomoni.

"Kuna nini? Mguu unauma?"

"Mama, Safina hakunisukuma."

Pelagia aliacha kutafuna.

"Niliichukua baiskeli mwenyewe. Alinikataza. Na gunia hili ni la kwao, na mbolea ni ya kwao. Yeye ndiye aliyenifundisha. Na kesho wanampeleka Kumsenga kwa sababu yangu."

Pelagia alisogeza sahani kando. Alinawa mikono polepole. "Nilimwaibisha mama wa watu mbele ya wateja wake," alisema hatimaye, kama anayejiambia mwenyewe. Akatoka, akarudi na toroli la fundi mwashi wa jirani. Alitandika mkeka ndani yake.

"Twende."

"Mama, si utakwenda wewe tu ukawaambie?"

"Mimi nitasema langu. Lako utalisema wewe."

Njiani watoto waliacha rede wakamtazama akisukumwa, mguu mweupe ukielekea mbele. Vestina alitamani ardhi impokee. Khatibu alikuwa mbele ya duka na birika mkononi, akijiandaa kutawadha kwa swala ya magharibi. Bi Mwajabu alikuwa akifunga begi. Safina aliketi kwenye ngazi.

"Shikamoo, Baba Safina," Vestina alisema. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, binti yangu. Kwema?"

Vestina alieleza yote, tangu breki hadi maziwa ya mchana ule. Hakuruka kitu. Alipomaliza, Pelagia alipiga goti mbele ya Bi Mwajabu akamwomba radhi kwa maneno aliyomtolea siku ile.

Khatibu aliweka birika chini. Hakumtazama Vestina kwanza. Alimtazama binti yake. "Uliniambia ukweli siku ya kwanza," alisema, "nami sikukuuliza mara ya pili. Nimekuchapa bure. Nisamehe, mwanangu." Akamgeukia mkewe. "Fungua begi hilo, urudishe nguo zake."

Safina alilia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Vestina alimwomba msamaha. Safina alifuta uso kwa kanga ya mama yake, akasema, "Nimekusikia. Lakini bado nina hasira."

"Ni haki yake," Khatibu alimwambia Vestina. "Usimharakishe. Jambo moja nitakwambia. Kosa la baiskeli lilikuwa dogo, lingeisha kwa kukemewa siku ile ile. Uliliacha hadi likatuumiza watu watano. Ukikosea, sema mapema, wakati bado wewe ndiye wa kulipia. Ukichelewa, wengine watalipa kwa ajili yako."

"Nimeelewa, Baba."

Siku tatu zilipita bila Safina kutokea. Siku ya nne, baada ya shule, alikuja na daftari ili Vestina anakili masomo aliyokosa. Hakuongea sana. Vestina alikuwa amemfungia fungu la mchicha, fungu la kwanza lililokomaa vizuri, alilolikata juu ya shina ili uchipue tena. Safina alilipokea, akaligeuza mkononi, akaondoa jani moja lililotobolewa na wadudu.

"Kesho nyunyizia majivu," alisema. Kisha akavuta kigoda, akaketi, na kufungua daftari la hisabati.