Madaftari ya Fundi Cherehani

Ndugu zangu, nawaeleza haya kwa shida, kwa sababu shangazi yangu si mtu mbaya, nami niliishi nyumbani kwake.

Alikuwa wakala wa waandishi. Watu walimletea miswada yao, naye aliisoma, akaandika barua ya nusu ukurasa ya kuisifu, akaituma kwa wachapishaji. Mswada usio na barua yake haukufunguliwa. Kila Ijumaa asubuhi mumewe alibeba bahasha kwenda posta, na walikuwa wakitaniana mlangoni.

"Leo umesifu wangapi, mke wangu?"

"Watatu. Wewe bado uko kwenye foleni."

Shangazi naye alikuwa na riwaya yake. Mwaka wa sita huo, leo anaandika ukurasa, kesho anaufuta.

Ndipo akaja fundi cherehani mmoja, mwanamke mpole, na madaftari manne. Alikuwa ameandika maisha ya baba yake, mchimba visima. Mzee alikuwa mgonjwa kitandani, na alichotaka ni kukishika kitabu hicho kabla hajafa.

Shangazi aliyasoma yote kwa siku moja. Kazi ile ilikuwa nzuri kuliko yake.

Alikuwa ameandika mamia ya barua za kusifu. Hii ikamshinda. Akarudi kwenye riwaya yake, akaimaliza na kuitanguliza kwa wachapishaji, akajiambia ya fundi itafuata wiki ijayo.

"Bahasha ya fundi mbona haimo?" mumewe aliuliza Ijumaa moja.

"Barua yake bado."

"Nusu ukurasa, miezi minane?"

"Nimechoka, baba watoto. Niache."

Akamwacha. Fundi alipokuja kuulizia, shangazi alimwambia wachapishaji bado wanaisoma kazi yake.

"Mzee ananiuliza kila siku, mama. Nimwambieje?"

"Mwambie avumilie."

Mumewe alikuwa pale pale, akatazama chini. Naye alikosa, nasema wazi.

Riwaya ya shangazi ilipotoka, tulikusanyika sebuleni kumpongeza. Fundi alikuja amevaa nguo nyeusi. Akampa mkono mhariri aliyetoka kwa wachapishaji.

"Asante kwa kunisomea mwaka mzima. Mimi ndiye yule wa mchimba visima."

"Mchimba visima gani?" mhariri aliuliza. "Mimi sijaletewa."

Watu wote wakamtazama shangazi. Mumewe akaweka kikombe chini.

"Madaftari yamo kabatini," alisema.

Fundi hakupandisha sauti. "Baba tumemzika Jumanne. Asubuhi aliyofariki nilikuwa nimemwambia wanakisoma."

Akapewa madaftari yake, akaondoka.

Baada ya hapo waandishi walikuja mmoja mmoja kuchukua miswada yao. Hakuna aliyegombana, walisema tu wanaihitaji. Siku hizi shangazi na mumewe wanakula meza moja na kupeana chumvi, basi. Riwaya yake sijamwona akiifungua.

FUNZO

Ukikabidhiwa jasho la mtu na ukaona huliwezi, mwambie siku hiyo hiyo aende kwingine. Kumwambia "subiri" ni kumfungia mlango huku unamchekea. Wivu haujitaji jina lake. Kwa shangazi ulijiita uchovu, naye akauamini. Na wewe unayekaa nyumba moja na mtu anayemcheleweshea mwenzake haki, usitazame chini. Mzee yule alikuwa na miezi michache tu, nasi wa nyumba ile tuliimaliza kwa kunyamaza.