Kopo Lenye Alama Nyekundu

Mtaani, msusi alisifika kwa usafi. Hata makopo matupu ya dawa ya kulainisha nywele aliyaosha, akayafunika, akayapanga mlangoni. Kila wiki mnunuzi wa makopo alipita kuyachukua.

"Dada, makopo yako yanang'aa kuliko sahani za kwangu!" alimwambia.

Msusi alicheka. Sifa hizo zilimkaa moyoni.

Asubuhi moja wifi yake alikuja kutengeneza nywele. Msusi alifungua kopo alilonunua kwa bei ya chee kwa mchuuzi wa kupita. Akampaka.

"Wifi, leo umenipaka pilipili?"

"Ukitaka uzuri, sharti udhurike," msusi alimtania.

Punde utani uliisha. Wifi aling'ang'ania kiti. "Osha! Nakufa, osha!"

Msusi alimwaga maji. Nywele zikamtoka mkononi kwa mafungu. Hofu ilimshika. Atamwambia nini mumewe, ambaye huyu ndiye dada yake pekee? Akanyoosha mkono kuchukua mafuta.

"Usipake kitu!" Ni jirani yake, muuguzi, aliyesikia kelele akaja mbio. "Maji tu, mengi, yatiririke. Kisha twende zahanati. Na kopo lije."

Huko zahanati, wifi alipokuwa akitibiwa, muuguzi alilichunguza kopo.

"Kopo ni halisi. Kilichomo ndicho bandia. Ulipolifungua, lilikuwa na karatasi ya kuziba mdomo?"

"Hapana. Nilikuwa na haraka."

Msusi aligeuza kopo. Chini palikuwa na mstari wa rangi nyekundu ya kucha. Yeye mwenyewe huweka alama ile kila anapoanza kopo jipya.

"Hili ni langu," alinong'ona. "Nililiuza tupu."

"Waghushi hutafuta makopo safi kama yako. Huyajaza vitu vyao, kisha huyauza upya. Dawa ikiisha, chana lebo, toboa kopo na kifuniko. Ukinunua, nenda duka linalotoa risiti. Kizibo kikiwa kimeguswa, rudisha."

"Basi nimemuunguza mwenyewe."

"Hukujua. Sasa unajua."

Wiki nyingi msusi hakuwa na raha. Kila siku alikwenda kwa wifi kutazama mabaka kichwani mwake. Je, nywele zitaota? Mumewe hakugomba, na hilo lilimuuma zaidi. Hatimaye nywele zikaanza kuchomoza.

Siku wifi aliporudi kuoshwa nywele, msusi alishangaa. "Huniogopi?"

"Nakuogopa! Nionyeshe hiyo sabuni kwanza."

Msusi alimwonyesha chupa. Kizibo kilikuwa hakijaguswa. Wifi alikikagua kama askari, akakaa.

Mara mnunuzi akaingia na gunia. Aliokota kopo moja, akalipindua.

"Dada, mbona umeyatoboa? Haya hayana kazi tena."

"Kazi gani?" aliuliza wifi, akivua kitambaa kichwani.

Mnunuzi aliona makovu. Akakunja gunia lake, akatoka bila kuaga.

Msusi alifungua chupa ya sabuni. Wifi akainamisha kichwa kwenye beseni.

"Haya, nioshe."