Violet Hakubali Kipanga wa Pili

Kila Jumamosi asubuhi Violet alikwenda na mama yake kukata majani ya ng'ombe, na njia nzima alimsimulia habari za Kipanga. Mama yake, Mektrida, alikuwa amezisikia mpaka akazijua kwa moyo. Kipanga alikuwa shujaa wa katuni, kijana aliyejishonea mabawa ya gunia, akaanguka na kuruka tena, huku dada yake Tunu akimtilia viraka. Violet alimpenda tangu darasa la pili. Sasa alikuwa darasa la sita, na sehemu ya pili ilikuwa imetoka.

Jumamosi moja mchana sinema hiyo ilionyeshwa katika ukumbi wa parokia pale Uru. Watoto wa kundi la maigizo walikaa mstari wa mbele. Violet ndiye aliyelianzisha kundi hilo, na katika mchezo wa Kipanga waliouandaa kwa siku ya kufunga shule yeye alikuwa Tunu.

Lo! Kipanga wa safari hii alipewa mabawa ya chuma na tajiri mmoja. Hakuanguka, hakuchoka, hakutoa jasho. Tunu hakuonekana kabisa, hata jina lake halikutajwa. Violet alihisi ameibiwa. Watu walipopiga makofi, yeye alikunja mikono.

"Tamu, eh?" aliuliza Godbless, kiongozi wa kundi.

"Mbovu."

"Acha zako! Wote tumeipenda."

"Mimi nimeipenda sana," alisema Ruth, rafiki yake Violet.

"Basi huna akili!" Violet alifoka. "Anayependa upuuzi ule hana akili!"

Ruth alitoka ukumbini akilia. Godbless alikasirika. "Lete isale," alisema, "na useme mbele yetu kwamba sinema ni nzuri. Bila hivyo, Tunu ataigizwa na mwingine."

Kule Uru, mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, humkatalii. Lakini Violet alikuwa mbishi kuliko mbuzi wa kukokotwa.

"Sileti!" alijibu. "Nikose mchezo, lakini sisemi uongo!"

Nyumbani alimweleza mama kila kitu, akitaka kusifiwa. Mama aliendelea kumwekea ng'ombe majani.

"Hiyo sinema sijaiona," alisema. "Labda ni mbovu kweli. Lakini Ruth si ndiye aliyekushonea gauni la Tunu?"

"Ndiye."

"Na leo umemwambia hana akili."

Violet aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

"Mama, nikipeleka isale watasema nimekubali sinema ni nzuri."

"Isale hupelekewa mtu, mwanangu, siyo sinema. Ruth ndiye aliyelia."

Jumatatu, kundi lilikuwa mazoezini na mwalimu wao Hosea. Violet alifika na jani la isale lililofungwa fundo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Violet. Karibu."

Godbless alinyoosha mkono alipokee. Violet alimpita kana kwamba hakumwona, akasimama mbele ya Ruth.

"Nisamehe, Ruth. Nimekutukana, na hukunikosea kitu."

Ruth alipokea jani kwa mikono miwili. "Yameisha," alisema, akatabasamu.

"Bado!" Godbless alipinga. "Hajasema sinema ni nzuri!"

"Na sitasema," alijibu Violet. "Ni mbovu. Walimtupa Tunu, na bila Tunu yule Kipanga angebaki chini na magunia yake. Nizomeeni mkitaka."

Wawili watatu walimzomea kweli. Violet hakutikisika.

"Mimi bado naipenda," alisema Ruth. "Lakini Tunu wetu ni Violet. Gauni nilimpima yeye, na hakuna mwingine atakayelivaa."

Mwalimu Hosea alicheka, kisha akamgeukia Godbless. "Jani limepokelewa, kwa hiyo ugomvi umekwisha. Violet anaigiza." Halafu akawatazama wote. "Sikilizeni. Unachokiona kuwa kweli, kiseme, hata ukibaki peke yako. Usikiombee msamaha. Lakini ukimtukana mwenzako kwa sababu haoni kama wewe, hapo umekosa, hata kama sinema ni mbovu namna gani. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Haya, Tunu, panda jukwaani."

Violet alipanda.