Vyanzo Vitatu vya Kalamu

Godoro la Twiga lilikuwa limeshakaribia geti, kichwani kwa mama yake, na Twiga mwenyewe alifuata nyuma akiburuta sanduku. Wasichana wa bweni walichungulia madirishani. Mmoja akaimba, "Sabuni, sabuni!" Wengine wakaangua kicheko.

Kalamu hakucheka. Twiga alikuwa jirani yake wa dawati. Tena yeye Kalamu ndiye aliyeandika safu ya siasa katika gazeti la ukutani, na wiki ile, uchaguzi wa mwenyekiti wa wanafunzi ukinukia, aliandika hivi: "Vyanzo vya kuaminika, ambavyo havikutaka kutajwa, vinasema Twiga anaiba sabuni stoo ili ahonge wapiga kura." Watu walisoma wakisukumana. Kalamu akajiona amefika.

Mwalimu mlezi wa gazeti alimkuta ameganda dirishani.

"Mwanangu, vyanzo vyako ni vingapi?"

"Vitatu, mwalimu. Lakini niliahidi kuwaficha."

"Wafiche. Majina siyataki. Nani kati yao aliona?"

Kalamu akatikisa kichwa. Hakuwahi kuwauliza.

"Mama yake amekuja kumtoa shuleni kwa ajili ya habari yako, anasubiri gari," mwalimu akasema. "Likija, yule harudi tena. Kimbia!"

Alikimbia. Mapengo, chanzo chake cha kwanza, alikuwa bombani akifua soksi.

"Kuona? Mimi? Thubutu! Niliambiwa na Chiriku."

Chiriku, chanzo cha pili, alikuwa akisuka nywele. "Mimi nilisikia kwa mpiga kengele. Kwani wewe hakukwambia?"

Kalamu akakumbuka. Alikuwa amemwambia, ndiyo. Huyo ndiye alikuwa chanzo cha tatu! Kumbe watatu wote walikuwa mdomo mmoja, na mdomo wenyewe uligombea uenyekiti.

Mpiga kengele alisimama uani, kamba mkononi.

"Uliona kwa macho yako?"

"Kila mtu anajua, shoga."

"Nimekuuliza, uliona?"

"Si uliapa hunitaji?" Akamkamata mkono. "Thubutu kunitaja, nitasema umetunga mwenyewe."

Honi ikalia getini.

Kalamu akajinasua. Akalibandua gazeti ukutani, akatoka mbio nalo. Alipofika, godoro lilikuwa tayari juu ya gari.

"Shikamoo, mama," akasema akihema. "Mimi ndiye niliyeandika. Hakuna aliyeona kitu, hata mmoja. Niliokota uvumi, nikauita vyanzo."

Mama yule akamtazama mpaka Kalamu akatamani ardhi ipasuke.

"Waambie hao wanaoimba. Kwa sauti."

Kalamu akageukia madirisha, akayasema yote upya, kwa sauti. Kicheko kikazimika.

"Jamani, mnapanda hampandi?" dereva akafoka.

"Shusha godoro," mama akasema.

Jioni mwalimu alimwita Kalamu. "Kumficha mtu anayeogopa kuumizwa kwa kusema kweli ni haki. Lakini kabla hujamficha, muulize aliona nini, kisha jiulize atafaidika na nini. Usitumie jina lililofichwa kuficha kwamba wewe hujui."

Twiga alibaki shuleni. Uchaguzi alishindwa, maana wapo walioendelea kuamini habari ya sabuni. Mpiga kengele naye alishindwa, akarudi kwenye kamba yake. Kalamu hakumtaja kamwe. Alinyang'anywa safu muhula mzima, na aliporudishiwa aliandika machache, tena taratibu. Twiga humsalimia kila asubuhi, ila dawati alihama.