Sikio Kwenye Minyororo ya Gari la Kombora

Haya yalimpata Odarka, jirani yetu hapa mjini Uman, mwaka ule kiangazi kilipokausha hata visima. Alikuwa msafishaji wa makumbusho ya jeshi. Asubuhi hiyo alikula mkate mweusi na kitunguu, akachukua ndoo, akaenda uani kuosha lile gari kubwa la minyororo ambalo zamani lilibeba kombora mgongoni na kulirusha. Injini yake iling'olewa miaka mingi iliyopita.

Kitambaa kikanasa kwenye mnyororo. Akavuta. Likatoka sikio, limeshikana na nywele fupi za manjano. Lilikuwa na uvuguvugu.

Odarka akalitupa ndani ya ndoo, akatapika pale pale.

"Paka huyo, dada," alisema Mykyta, mlinzi, ambaye ujanani aliliendesha gari hilohilo. Macho aliyakwepesha.

"Paka gani ana sikio la mtu, wewe mzee? Sema!"

Mykyta akanong'ona. Mazoezini, mvua kubwa, askari mmoja aitwaye Ostap alijibanza chini ya gari, akapitiwa na usingizi. Mykyta akaliwasha na kuondoka bila kuchungulia. Wakubwa wakaamuru minyororo ioshwe. Mama wa Ostap akapelekewa jeneza lililofungwa, limejaa mchanga.

"Aliosha nani?"

"Mimi. Kisha nikaenda kula."

Odarka akatazama masharubu yake, yaking'aa mafuta ya nguruwe. Yalimtia kinyaa kuliko kilichokuwa ndani ya ndoo.

"Mwandikie mama yake."

"Yamepita hayo. Niliosha mara ya kwanza, naosha tena."

Akafungulia mpira wa maji. Maji yakatoka chini ya gari yakiwa mekundu. Yakanuka. Yakazidi kunuka. Kisha kitu kikakohoa kule chini.

"Mvua imekatika?" sauti ya kijana ikauliza.

Mpira ukamponyoka Mykyta. Jua lilikuwa kali, wingu hata moja hakuna. Akapiga magoti.

"Imekatika, mwanangu," alinong'ona. "Toka."

Hakutoka mtu.

Barua aliiandika siku hiyohiyo, Odarka amesimama nyuma yake. Wiki iliyofuata bibi Yavdokha, mama wa Ostap, akaja kwa basi. Hakulia. Akalifunga kwenye leso lile sikio, ambalo wiki nzima halikupoa. Akamtazama Mykyta, akatema mate chini, akaondoka.

Nyuma ya viatu vyake, juu ya saruji ya moto, zilimfuata nyayo za maji za miguu mipana, mitupu. Zilianzia chini ya gari. Ziliishia kituo cha basi.

Odarka alizipiga deki mara mbili. Mpaka leo hazijakauka.